Alhamdulillah Si Sifuri

Juzi mpwa wangu, ambaye ni fundi wa programu huko Nairobi, alikuwa ameketi kwangu hapa Wundanyi akiitukana mashine yake. Nikamwuliza ina nini. Akaniambia nisijisumbue, ni mambo ya kitaalamu. Nikavaa miwani, nikachungulia begani kwake. Kumbe ni yule yule mshenzi wangu wa Garissa wa miaka ya tisini: Data type mismatch, yaani aina za data hazilingani. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na mpwa wangu akaanza kunitazama kwa huruma, akidhani uzee umenipanda kichwani. Haya nayaandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu wenzake, nyinyi mnaodhani kompyuta ilizaliwa siku mliyonunuliwa simu.

Nilikuwa karani wa kompyuta katika mradi mmoja wa mifugo mjini Garissa. Jina la mradi silitaji kwa sababu ulishakufa, na wafu hatuwasemi vibaya, ingawa huu ningependa sana kuusema. Watu wa pale walinipa jina la Mama Kombiuta. Ofisi nzima ilikuwa na kipoza hewa kimoja tu, na kilifungwa kwenye chumba cha mashine kwa sababu ya mashine. Matokeo yake mikutano yote ya mradi, na hata usingizi wa mchana wa wahasibu, vilihamia kwangu. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuondoa leso niliyoifunikia kompyuta, kupuliza vumbi kwenye kibodi, na kuwaomba wakubwa wanipishe nifike kwenye kiti changu.

Programu yenyewe haikuwa na picha wala rangi. Ukiiwasha inakuletea kitone kimoja tu kwenye skrini nyeusi, kinakonyeza, kinangoja uamuru. Nyinyi leo mashine inawauliza mnataka nini, inawapendekezea, inawabembeleza. Sisi ilitubidi tujue tunachotaka kabla ya kugusa kibodi. Wengi wa wakubwa zangu hawakufika hapo kamwe.

Niwaeleze jambo la msingi, wale mnaolijua mnivumilie. Katika hifadhidata kila kisanduku unakipa aina siku ya kukiunda: hiki cha maneno, hiki cha namba, hiki cha tarehe. Cha namba unaweza kukijumlisha, na unaweza kukiuliza kama kilichomo ni zaidi ya sifuri. Cha maneno unaweza kutafuta kipande cha neno ndani yake. Sasa ukikiuliza kisanduku cha maneno swali la namba, au cha namba swali la maneno, mashine inapiga mlio na kukuandikia ule ujumbe. Hapo haijasema ndiyo, haijasema la. Imesema tu kwamba swali lako na jibu lililomo ndani ni vitu viwili mbalimbali, na haiwezi kuvipima kwa mizani moja.

Hifadhidata yetu iliundwa na mtaalamu kijana aliyeshushwa kutoka Nairobi akiwa na tai shingoni. Tai ile aliivua kabla ya saa nne asubuhi, na kufikia adhuhuri alikuwa amevua na viatu. Aliunda visanduku vya jina la mwenye mifugo, aina ya mnyama, mahali anapochunga, na idadi. Cha idadi akakifanya cha namba. Nani angefanya vingine? Hata mimi, Mtaita niliyelelewa na mama aliyekuwa akihesabu kuku wake kila jioni kwa sauti ili majirani wasikie, niliona ni sawa kabisa. Mtaalamu akala nyama ya ngamia, akaisifu, akapanda basi akarudi kwao.

Aliyetumwa nje kuandikisha watu alikuwa Dekow, karani mwenzangu, mwenyeji wa Garissa, mtu mwembamba mwenye dhihaka nyingi. Safari ya kwanza alienda Masalani, akarudi na rundo la karatasi. Nikaanza kuingiza. Jina, sawa. Mnyama, ngamia, sawa. Mahali, sawa. Nikafika kwenye idadi. Mtu wa kwanza: Alhamdulillah. Wa pili: Alhamdulillah. Wa tatu: Mungu ametosheleza. Wa nne: si haba. Nikageuza karatasi nyuma na mbele nikitafuta namba. Nikamwita Dekow, nikamwuliza kama jua la Masalani lilimpiga vibaya.

Akavuta kiti karibu na kipoza hewa, akaniambia, "Mama Mkawasi, wewe nataka mimi niuawe? Mtu wa hapa huwezi kuuliza ngamia yake ni ngabi. Mzee moja aliniuliza, wewe una watoto ngabi, na kati yao nataka kufa ngabi. Nikafunga kalamu."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mfugaji wa kule hahesabu mali yake kwa mdomo, hasa mbele ya mgeni. Anawajua wanyama wake wote kwa sura, kwa mama zao na bibi zao, na mmoja akikosekana jioni anaona pengo lake bila kuhesabu. Lakini kuitamka idadi ni kama kumwita mwenye jicho baya aje achague. Hizo ni neema za Mungu, na neema zinashukuriwa. Dekow aliniambia kwamba hata baba yake hakuwahi kutaja namba mbele yake, na alikufa tajiri.

Kisanduku cha namba hakikubali herufi. Nilipojaribu kuandika Alhamdulillah, mashine ililia kwa kila herufi. Nikaomba simu ya Nairobi kupitia opereta, nikangoja nusu siku, nikampata mtaalamu. Nikamweleza. Akasema rahisi sana, badilisha kisanduku kiwe cha maneno, tatizo limekwisha. Vijana, mtu akiwaambia hivyo mwulizeni limekwenda wapi. Halikuwa limekwisha, lilikuwa limehamishwa tu, likakaa likitungoja kwenye siku tutakayotaka kuuliza swali.

Basi nikabadilisha. Kabla ya kubadilisha nilinakili faili nzima kwenye disketi, na nawasihi nanyi mfanye hivyo kila mara mnapogusa muundo wa kitu, hata kama aliyewaagiza ana shahada tatu. Tukaingiza wilaya nzima. Kile kisanduku cha idadi kilikuja kuwa kitabu cha sala. Kulikuwa na Alhamdulillah za kila namna ya kuandika, kwa sababu Dekow aliandika vile mkono ulivyomtuma: mara kwa h, mara kwa x kama wanavyoandika kwa Kisomali, mara herufi kubwa, mara ndogo. Namba tulizipata kwa watu wa bara tu. Walimu, makarani, polisi, mhubiri mmoja, hao walitaja bila kusita: mbuzi wawili, kuku kumi na mmoja. Sisi watu wa bara ukituuliza tu tunahesabu, hata cha jirani.

Mkuu wa mradi alikuwa Bwana Mutiso, Mkamba wa Machakos, mtu safi wa nguo na mgumu wa utaratibu. Hakuwa mwovu. Nasema hivyo kwa sababu nilimkasirikia sana na nisingependa mdhani alikuwa shetani. Alikuwa mtu aliyeogopa kulaumiwa, na alipoletewa kompyuta alifurahi kama mtu aliyepata wa kumsingizia. Kabla ya hapo, mnyama aliyepotea akiletwa kwenye boma letu nyuma ya ofisi, mwenyewe alikuja na wazee wawili, wakaangalia alama ya chuma cha moto mwilini mwa mnyama, wakaapa, wakaenda zao. Asipotokea mtu, mnyama alipigwa mnada siku ya soko. Bwana Mutiso akafuta mambo ya wazee. Akatangaza kwamba kuanzia sasa anayejua mwenye mnyama ni kompyuta. Ili mtu apewe mnyama wake ni lazima mashine imwonyeshe kwa jina, na imwonyeshe akiwa na idadi inayozidi sifuri ya mnyama wa aina hiyo. Aliyatamka hayo kwenye mkutano, chumbani mwangu, akiwa ameuelekezea mgongo upepo wa kipoza hewa.

Siku chache baadaye akaletwa ngamia jike mwenye mimba pevu. Ngamia akikaribia kuzaa hupenda kujitenga, na huyu alikuwa amejitenga mpaka karibu na daraja la mto Tana, wakamkamata huko. Nilipomwona tu nikamjua. Dekow akamjua. Wahasibu wakamjua. Alikuwa ngamia wa Bi. Ardho wa mtaa wa Waberi, mama aliyetuuzia maziwa ofisini miaka yote, na Bwana Mutiso mwenyewe alikuwa amekunywa chai ya maziwa ya ngamia huyo mpaka yalipokauka kwa ajili ya mimba. Alikuwa hata akimwuliza Bi. Ardho hali yake: huyu mama yetu anazaa lini?

Bi. Ardho akaja asubuhi na mapema, kikapu cha vibuyu mkononi, uso mwepesi kwa furaha ya mtu aliyepata kilichopotea. Dekow alimwita Eddo, shangazi, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa baba yake. Bi. Ardho akanishika mkono akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, huyo ni ngamia yangu. Alikuwa nimemtafuta mpaka miguu imekufa." Kisha akaelekea bomani kumchukua.

Bwana Mutiso akamsimamisha, kwa adabu, na kumweleza kwamba ni lazima tuulize kompyuta kwanza. Bi. Ardho akacheka. Alidhani ni utani.

Ni vizuri mjue ngamia yule alikuwa nani kwake. Wasomali wana desturi kwamba mtoto anapozaliwa hupewa ngamia jike mchanga, na uzao wote wa ngamia yule unakuwa mali ya mtoto huyo hata akiolewa, hata akizeeka. Bi. Ardho alipewa wake siku ileile ya kuzaliwa. Huyu wa bomani alikuwa wa uzao huo, na ukame ulikuwa umewachukua wote wengine. Dekow ndiye aliyenieleza, polepole, na hakufanya mzaha hata kidogo. Mnada ulikuwa siku ya soko, na siku ya soko ilikuwa kesho yake.

Nikaketi, nikaandika: nionyeshe jina Ardho Bare Shide, mnyama ngamia, idadi zaidi ya sifuri. Mashine ikalia. Data type mismatch. Bila shaka! Nilikuwa nimeuliza kama Alhamdulillah ni zaidi ya sifuri. Kisanduku kilikuwa cha maneno, na swali lilikuwa la namba. Nikamgeukia Bwana Mutiso kumweleza, lakini yeye alikuwa ameshausikia mlio. Mlio ule kwake ulikuwa hukumu. Akatikisa kichwa, akasema unaona, mashine imekataa. Nikamwambia haijakataa, haijajibu kabisa. Akasema kutojibu ni adabu ya kukataa.

Kisha akaniagiza niuondoe ule mlio, kwa sababu wageni wa wafadhili wangekuja na haukuwa unapendeza.

Sasa hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa anaelekea juzi, na ndipo nilipomshika mkono. Ipo amri ya kugeuza maneno kuwa namba. Ukiifunga kwenye kisanduku cha maneno, mashine inasoma kuanzia kushoto, inachukua tarakimu inazozikuta, na ikikutana na herufi inaacha. Mlio unakwisha papo hapo. Fundi anapiga makofi, anaenda kula. Lakini je, mashine ikisoma Alhamdulillah ikatafuta tarakimu, inapata nini? Inapata sifuri. Haikwambii kwamba haikuelewa. Inakuandikia sifuri safi, kwa heshima zote.

Niliitumia amri ile kama nilivyoagizwa, nikauliza tena. Kimya. Hakuna mlio. Skrini ikasema hakuna aliyepatikana. Ili nione kilichotokea nikaiambia mashine inipangie wenye mifugo wote wa wilaya kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Lo! Tajiri wa kwanza wa Garissa nzima alikuwa mwalimu mmoja wa kutoka Murang'a, yule wa kuku kumi na mmoja. Wa pili alikuwa mhubiri. Wale wazee ambao makundi yao yakivuka barabara ya Wajir lori husimama mpaka dereva akamaliza kula chakula chake, wote walikuwa chini kabisa, wana sifuri. Kadiri mtu alivyomshukuru Mungu ndivyo alivyokuwa fukara.

Bwana Mutiso akaitazama ile orodha kwa muda mrefu. Nilitarajia acheke. Alisema, "Sikujua mwalimu yule amefika mbali hivyo." Akaniambia niichape.

Nilikasirika, vijana. Wakati mashine inalia, angalau mtu anajua pana shida. Sasa ilikuwa imenyamaza, karatasi imechapwa, na karatasi ilisema kwamba mama aliyesimama mlangoni, ambaye maziwa yake tuliyanywa sote, hajawahi kumiliki ngamia. Kosa lenye kelele nalipenda. Linanisumbua, lakini halimdanganyi mtu. Mkiona mmelinyamazisha kosa kwa amri moja tu na hamjui lilikuwa linasema nini, jueni mmemziba mdomo shahidi.

Mambo ya namba na maneno yana hila nyingine upande wa pili pia. Ukigeuza namba iwe maneno, programu yetu ilikuwa inaiwekea nafasi tupu mbele yake, kama mtu mwembamba aliyevaa koti la mtu mnene. Unatafuta saba, haipatikani, na saba imo humo humo imejificha kwenye koti. Ni lazima uzipunguze zile nafasi kwanza. Na namba inayoanza na sifuri, kama ya simu, usiiweke kamwe kwenye kisanduku cha namba, itakula ile sifuri ya mbele. Kanuni niliyojiwekea ni hii: kitu ambacho huna nia ya kukijumlisha, si namba, hata kama kimevaa tarakimu. Turudi kwa Bi. Ardho.

Bwana Mutiso, kama nilivyosema, hakuwa mwovu. Alitafuta njia ya kumsaidia. Alimwambia ataniruhusu nifungue kumbukumbu yake na niandike idadi upya, ilimradi yeye mwenyewe aitamke mbele ya mashahidi. Neno moja tu. Ngamia alikuwa pale bomani, tunamwona dirishani, na kila mtu angeweza kumhesabu.

"Sema tu mmoja, Mama," alimwambia. "Sema mmoja, umchukue uende."

Bi. Ardho alimtazama, akatazama dirishani, kisha akaweka kikapu chake chini.

"Bwana, mimi nimesema Alhamdulillah," akasema. "Hiyo ingine siwezi sema."

"Lakini ni mmoja. Si unamwona?"

"Mungu nabatia mimi, halafu mimi namfanyia hesabu? Hapana. Kama wewe nataka kuchukua, chukua."

Nilidhani hakuelewa. Nikamwomba Dekow amweleze kwa Kisomali kwamba kesho atauzwa, kwamba wanunuzi wa nyama wanakuja na malori. Dekow akatikisa kichwa. Aliniambia baadaye kwamba Eddo alielewa yote kuliko sisi. Alikuwa amebakiwa na huyo tu katika uzao wake wote, na ndiyo maana hasa asingeweza kulitamka neno lile. Bi. Ardho akatoka akaenda kukaa nje ya uzio wa boma, upande ule ngamia alikokuwa amelala. Niliona aibu ya kuketi kwenye ubaridi.

Dekow akabaki. Akavuta kiti, akaitazama orodha ya matajiri wangu, akacheka kwa uchungu. Kisha akasema jambo ambalo alilijua tangu utoto wake na hakuwahi kufikiri linahitaji kusemwa.

"Hii kombiuta yako imefanya watu wote sawa. Mtu mwenye ngamia akiulizwa nasema Alhamdulillah. Mtu hana kitu hasemi hivyo. Huyo nasema Inshallah."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mwenye nacho anashukuru, asiye nacho anatumaini. Nikafungua kumbukumbu, nikaanza kuzipitia, na kweli zilikuwa hivyo. Kulikuwa na Inshallah nyingi tu, za vijana ambao hawajaoa, za watu waliomalizwa na ukame, na mimi nilikuwa nimeziingiza zote kwa mikono yangu bila kuona tofauti. Jibu lilikuwa limo kwenye kisanduku muda wote. Tulichokosea ni aina ya swali. Tulikuwa tunakiuliza kisanduku cha maneno zaidi ya ngapi, na kilichotakiwa kuulizwa ni kimesema nini.

Basi fundi, wewe uliye na mlio kwenye skrini yako, fanya hivi. Kwanza angalia muundo, kila kisanduku ni cha aina gani. Pili soma kilichomo ndani kwa macho yako, usitegemee jina lililoandikwa juu yake, kwa maana hata chetu kiliandikwa idadi. Tatu linganisha maneno na maneno. Katika programu yetu alama ya dola ilimaanisha imo ndani ya, na mpaka leo sijui kwa nini walichagua alama ya pesa. Nikaiamuru mashine igeuze kila kitu kiwe herufi kubwa, kisha itafute kipande kilichomo katika namna zote alizoandika Dekow. Kwa h au kwa x, zote zilikuwa na AMDU. Usitafute neno zima pale ambapo mikono mingi imeandika, tafuta kipande kifupi kisichopotea. Nikaandika: jina Ardho Bare Shide, mnyama ngamia, AMDU imo ndani ya idadi.

Kitone kikakonyeza. Akatokea.

Sikumwita Bwana Mutiso kwa sauti. Nilikwenda mwenyewe mpaka ofisini kwake nikamwambia mashine imempata, na kwamba mlio hakuna. Akaja, akainama, akasoma. Mwenye mnyama, Ardho Bare Shide. Mnyama, ngamia. Idadi, Alhamdulillah. Akauliza hii ni ngapi. Dekow akamjibu kwamba ni zaidi ya sifuri. Akauliza zaidi kwa kiasi gani. Dekow akasema hilo ni la Mungu. Bwana Mutiso akajikuna kidevu. Masharti yake yalikuwa mawili, jina na zaidi ya sifuri, na yote mawili yalikuwa yametimia, na yametimizwa na kompyuta. Hakuwa na mahali pa kukatalia. Akaniambia niichape, na printa ikapiga kelele zake.

Karatasi ilipotoka akachukua kalamu ili aongeze tarakimu ya moja pembeni, kwa usalama, kama alivyosema. Nikamkumbusha waraka wake mwenyewe uliobandikwa ukutani, kwamba karatasi ya kompyuta haiandikwi chochote kwa mkono isipokuwa sahihi. Akaufuata waraka kwa macho, akaurudia, akatia sahihi. Ilikuwa imeshafika saa ya kufunga, akaagiza Bi. Ardho aje asubuhi, lango halifunguliwi jioni.

Alfajiri ngamia akazaa. Nilipofika kazini ndama alikuwa ameshasimama, miguu inamyumba, manyoya bado yamegandamana, na mama yake anamlamba. Bi. Ardho alikuwa kwenye uzio, analia na kutabasamu kwa pamoja. Na madalali walikuwa wameshaanza kufika na fimbo zao.

Bwana Mutiso akatoka barazani na chai yake. Akamtazama mama, akamtazama ndama, na nikauona utaratibu ukimpanda usoni. Akasema ngamia atatoka, kibali anacho. Lakini ndama amezaliwa ndani ya boma, hayumo katika kompyuta, hana mwenyewe, kwa hiyo atabaki kwa ajili ya mnada. Bi. Ardho hakungoja tafsiri. Karatasi mkononi, aliingia bomani, akamshika ngamia wake kamba, akaanza kutembea kuelekea langoni, hatua kwa hatua, akimngojea mdogo, na ndama akafuata nyuma anajikwaa.

Kwenye lango alikuwepo askari wetu, mtu wa Diff kule Wajir, mzito wa maneno. Akapokea karatasi akaanza kuisoma, kidole juu ya kila neno.

"Askari!" Bwana Mutiso akaita kutoka barazani. "Hao ni wawili! Kibali kinasema wangapi?"

Askari akamtazama ngamia. Akamtazama ndama. Akarudi kwenye karatasi, akakiweka kidole mwisho wa mstari.

"Nasema Alhamdulillah, bwana mkubwa," akajibu, na akafungua lango pande zote mbili.